Kuhesabu Kuanzia Sifuri

Mama Subilaga kaniletea picha saba
katika bahasha ya kaki iliyolowa pembe,
maana Tukuyu hata bahasha hunyeshewa.
"Zipite zenyewe," kasema, "moja moja,
kama wageni wanaopeana mikono mlangoni,
na chini ya kila moja maneno ya kusomeka.
Mnunuzi wa mbali asituite 'wakulima', basi."

Maneno kayaandika kwenye karatasi ya daftari la mahudhurio,
kalamu ya bluu, nukta nzito kama punje za ulezi.

Nimekaa chumba cha nyuma cha duka la pembejeo,
juu ya mfuko wa mbolea, kompyuta mapajani.
Joto lake ndilo jiko langu: Juni imeingia,
ukungu umeshuka kutoka Rungwe bila hodi.
Ninachojenga ni kidogo.
Fremu. Picha ndani. Mstari wa maneno chini.
Kishale cha kushoto, kishale cha kulia.
Sina manjonjo, picha haziruki
wala hazizunguki kama pia ya mtoto.
Ije, ikae, ionekane, ipishe.

Nilizipa sekunde mbili.
Mama akachungulia: "Hizo ni picha au nzige?"
Nikaweka tano.

Jioni wakaja wanaushirika, matope hadi magotini,
wakajibana nyuma yangu, harufu ya moshi na parachichi.
Nikabonyeza.

Anyelwisye kakumbatia mche wake wa kwanza,
na chini: *Mizani yetu mpya, kilo mia tatu.*
Ikaja mizani yenyewe, inang'aa:
*Tumpe Mwakalinga, mweka hazina.*
Tumpe akacheka mpaka kilemba kikalegea.
"Kumbe ndivyo mnavyoniona! Nipandishieni magunia!"
Ikaja sura ya Tumpe: *Barabara ya kwetu, masika.*
Ikaja barabara, imemeza lori nusu: *Pacha wa Lugano.*
Wakaja pacha: *Kitalu cha mtoni, miche elfu mbili.*
Lugano akashika kichwa. "Mungu apishe mbali. Wawili wananitosha!"

Nilijua kosa kabla kicheko hakijaisha.
Mashine huanza kuhesabu sifuri;
mimi nilianza moja, kama nilivyofundishwa
kwa vizibo vya soda, darasa la kwanza.
Kila jina limesogea nyumba moja,
limelala kwa jirani.
Nikanyoosha kidole nizime.

Lakini ya sita ilikwishafika.
Kitalu cha mtoni, asubuhi, hakuna mtu.
Viriba vyeusi safu kwa safu, kivuli cha mgomba,
ndoo ya kumwagilia imelala ubavu.
Na chini:
*Ambakisye, aliyetuoteshea wote.*

Hakuna aliyecheka.
Mvua ikasikika juu ya bati, kumbe ilikuwa inanyesha muda wote.

Kisha ya saba, Ambakisye mwenyewe,
kofia ya sufi, jicho moja limefinywa na jua,
na chini yake weupe. Hata nukta.

"Narekebisha sasa hivi," nikasema,
"ni namba moja tu, naiondoa."
Mama Subilaga, mjane wake,
akavuta kanga, akaketi kwenye mfuko wa pili.
"Rekebisha za wengine. Tumpe asiwe mizani.
Hizo mbili za mwisho ziache."

"Lakini mama, ulisema kila mmoja jina lake."
"Nilisema. Na jina lake liko pale kitaluni,
ndiko alikokuwa akiitwa, akiitika."
Akaitazama skrini. "Huyu hapa
mie namwona. Sina la kumwandikia."

Basi nikaandika mstari wa ziada,
sharti dogo, baya kwa fundi yeyote atakayelisoma:
ukifika ya sita, chukua maneno ya saba;
ukifika ya saba, nyamaza.
Mashine haikuuliza kwa nini.

Sasa zinapita. Ya mwisho ikiisha, ya kwanza hurudi,
na kila baada ya sekunde thelathini na tano
mzee hufinya jicho, hupisha.
Wote wamekwishaondoka, isipokuwa Tumpe,
anataka picha yake ipigwe upya,
kesho, bila kilemba kile,
na bando la intaneti, anasema, atalipa ushirika.